"Ni gemu tu, mwalimu": maswali ninayoulizwa na wazazi wa Dodoma mtoto anapofanya ukatili

Nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma, huu ni mwaka wa 14. Kila kikao cha wazazi, tukishamaliza habari ya michango ya chakula na upungufu wa madawati, husimama mzazi mmoja na kusema: "Mwalimu, hizi gemu za kwenye runinga na simu zinatuharibia watoto." Wenzake wanaitikia, tunakubaliana wote, halafu tunatawanyika. Nimeitikia na mimi miaka mingi. Siku hizi siitikii, na sababu zangu nimeziandika hapa kwa mtindo wa maswali kama ninavyoulizwa. Mengine nimejibu kwa urefu kwa sababu yananiuma.

Je, gemu ndizo zinazowafanya watoto kuwa wakatili?

Hapana, si kwa namna tunavyosema vikaoni. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliwahi kutoa tamko mwaka 2015 kwamba gemu za mapigano zinahusiana na kuongezeka kwa ugomvi. Machi 2020 chama hichohicho kilirudi na kulifafanua: kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, ila ushahidi hautoshi kusema gemu zinasababisha ukatili wa kweli, na kuzitupia lawama hizo kunawaondoa watu kwenye sababu nyingine zenye uzito zaidi.

Kufoka na kusukumana si jambo la kupuuza, nami ndiye ninayewaamulia kila siku. Lakini kutoka kusukumana kwenye foleni ya uji hadi kumpasua mwenzako kichwa ni safari ndefu kama ya kutoka hapa hadi Kondoa kwa miguu. Ukitaka kujua mtoto aliimaliza vipi, itabidi uulize alipitia wapi.

Mbona mwanangu akizimiwa tu analia, anapiga mlango teke, anamtukana mdogo wake?

Kwa sababu umemkatiza katikati ya mechi. Mchukue baba yake, mzimie runinga dakika ya 88 Simba na Yanga wakiwa sare, kisha umsikilize.

Mtoto hajui bado kuishika hasira yake, na gemu ya kushindana inaipandisha haraka, iwe ya mpira au ya vita. Mara nyingi hupoa ndani ya muda mfupi. Mwambie mapema: "Ukimaliza mechi hii, unazima." Mechi ina mwisho wake, na mtoto anaukubali mwisho wa mechi kuliko amri iliyoanguka ghafla. Ukiona hasira haipoi hata saa mbili baadaye, au anaamka nayo asubuhi kabla hajagusa gemu yoyote, basi jambo hilo lina mzizi mwingine. Utafute.

Nimesikia kule Marekani wanafunzi walioua wenzao walikuwa wanacheza gemu za bunduki. Huo si ushahidi?

Habari hiyo inatoka hasa kwenye tukio la Columbine, jimbo la Colorado, tarehe 20 Aprili 1999. Wanafunzi wawili waliwapiga risasi na kuwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Ni kweli walikuwa wanacheza Doom, gemu ya mwaka 1993 ya kuua mapepo kwa bunduki. Baadhi ya familia zilizofiwa zilizishtaki kampuni za gemu, na mwaka 2002 jaji wa shirikisho akaitupilia mbali kesi hiyo.

Mwaka huohuo ulitoka uchunguzi wa idara ya ulinzi wa rais wa Marekani pamoja na wizara yao ya elimu. Walichambua matukio 37 ya kushambulia shule, yaliyofanywa na vijana 41 kati ya 1974 na 2000. Waliobainika kupenda gemu za ukatili walikuwa karibu mmoja katika kila wanane. Waliojiona wameonewa, wamenyanyaswa au kushambuliwa na wenzao kabla ya tukio walikuwa karibu watatu katika kila wanne. Na mara nyingi bunduki yenyewe ilitoka nyumbani kwao au kwa ndugu.

Hebu zisome tena namba hizo mbili, ya gemu na ya kuonewa. Kisha jiulize kwa nini dunia nzima inakumbuka ya gemu.

Nani alianza kuzilaumu gemu?

Kabla ya gemu walilaumiwa wachoraji. Mwaka 1954 daktari mmoja wa akili wa Marekani, Fredric Wertham, aliwashawishi wengi kwamba vitabu vya katuni vinazalisha wahalifu, hadi bunge la seneti likafanya vikao na wachapishaji wakajiwekea kanuni za kujizuia. Gemu iliyofuatwa na kelele za kwanza kubwa ni Death Race ya mwaka 1976, ambayo mchezaji aliendesha gari na kugonga vikaragosi. Ukiziona picha zake leo huwezi kutambua kama kile ni kiumbe au kijiti. Desemba 1993 seneti ikakaa tena, mara hii kwa sababu ya Mortal Kombat, na mwaka uliofuata kampuni za gemu zikaanzisha utaratibu wa kuandika umri kwenye makasha.

Hapa kwetu nilikuwa mtoto kwenye miaka ya 1990, na walioshtakiwa walikuwa wenye vibanda vya video. Tulitoka kuangalia sinema za kareti, tukashuka korongoni kupigana mateke mchangani hadi giza. Wazee walisema video zitatumaliza. Sasa wale waliokuwa wakipigana nami korongoni ndio wanaosimama kwenye kikao kuzilaumu gemu. Ukiwauliza ni sinema gani iliwaharibu, wanacheka.

Na hadithi za bibi je? Fisi wetu amechomwa moto, amepigwa na kijiji kizima, ametumbukizwa shimoni, na sungura ndiye aliyepanga yote. Tulizisikiliza jioni baada ya jioni.

Tafiti zinapingana. Niamini nani?

Zipo tafiti nyingi za maabara zilizofanyika hivi: mtu anacheza gemu kwa dakika chache, kisha anaambiwa achague kiasi cha pilipili atakachowekewa mwenzake kwenye chakula, au kelele ya kuudhi atakayomsikilizisha. Aliyetoka kwenye gemu ya mapigano akizidisha pilipili, inahesabiwa kwamba ukali wake umeongezeka. Sisemi watafiti hao wanadanganya. Nasema pilipili ya maabara si kisu cha mtaani.

Mwaka 2018 walitoka watafiti waliokusanya tafiti 24 zilizofuatilia watoto na vijana zaidi ya 17,000 kwa muda, wakaona gemu za ukatili zinaongeza ugomvi wa mwili, kwa kiasi kidogo. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff wakawachunguza vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Hawakuwauliza vijana peke yao. Waliwauliza na wazazi au walezi kuhusu tabia zao, na ukatili wa gemu wakaupima kwa viwango rasmi, si kwa maneno ya mchezaji. Hawakuona uhusiano.

Kwa hiyo ubishi wenyewe ni kati ya "kidogo" na "hakuna". Hakuna upande kati ya hizo mbili unaosema kile tunachosema kikaoni.

Lakini mwalimu, mimi nimeona kwa macho yangu. Mtoto wa jirani anashinda kwenye gemu, na amemjeruhi mwenzake.

Hata mimi niliona kwa macho yangu. Nitaeleza nilivyokosea.

Miaka kadhaa nyuma, mvulana wa darasa la tano alimpiga mwenzake jiwe juu ya jicho, wakati wa mapumziko, nyuma ya matundu ya vyoo. Mwenzake alishonwa. Tulimweka yule mvulana ofisini, tukamuuliza kwa nini. Kimya. Akawa anachokonoa ukucha wa kidole gumba na macho yapo sakafuni. Kiranja akasema: "Mwalimu, huyu kila siku yuko kwenye gemu." Ikatosha. Nikachukua daftari la nidhamu nikaandika kwa mkono wangu kwamba chanzo cha tabia ni michezo ya video. Mama yake alipoitwa alikubali upesi, upesi kuliko nilivyotegemea, na tukamwagiza amzuie kabisa asikanyage kwenye kibanda cha gemu cha mtaani. Mtoto akachapwa mbele ya wenzake, na jambo likaisha.

Wiki tatu baadaye, kwenye kipindi cha michezo, aligoma kuvua shati. Wenzake wakamvua kwa utani. Mgongo wake ulikuwa na alama za waya, mpya juu ya za zamani, zimepishana kama mistari ya daftari la hesabu.

Nilikwenda mwenyewe kibandani kumuuliza mwenye kibanda. Kijana yule alishangaa kwamba sijui. Mtoto alikuwa haji kucheza, hela ya kucheza hakuwa nayo. Alikuja kukaa. Nyumbani mume wa mama yake hurudi saa moja jioni amelewa, akilala ni saa tatu. Kibanda kilikuwa kinafungwa saa tatu. Mwenye kibanda alimwachia kazi ya kukunja nyaya na kufuta vumbi kwenye runinga, na mara mojamoja alimpa mechi ya bure.

Mimi mwalimu wake ndiye niliyemwondoa hapo na kumrudisha kwenye ule waya, kwa maandishi, na sahihi yangu ipo. Wiki tatu. Sijui alichapwa mara ngapi katika wiki hizo, na sikuwahi kupata ujasiri wa kumuuliza.

Tulimwita afisa ustawi wa jamii wa kata, na baada ya vikao mtoto alipelekwa kwa bibi yake mzaa mama, wilaya ya Bahi. Nilimsindikiza. Bibi alitupokea mlangoni, "Mbukwa, mwalimu," akamshika mjukuu kichwani, hakuuliza habari ya gemu wala ya jiwe. Aliuliza kama tumekula.

Tangu siku hiyo, mtoto akifanya ukatili shuleni, nauliza mambo manne kabla ya lingine lolote: jana amelala wapi, amekula nini, nani amempiga mara ya mwisho, na nani anamwonea njiani. Gemu nauliza baadaye. Ndicho hasa kinachoniuma kwenye neno "ni gemu tu": likishatamkwa, watu wazima wote chumbani wanapumua, na hakuna anayemtazama mtoto tena.

Mjukuu wangu wa miaka mitano aliruka ukutani akasema ana "maisha matatu". Hilo nalo si gemu?

Hilo ni gemu, na hapo nakuunga mkono. Mtoto wa miaka mitano bado anachanganya ya kwenye skrini na ya kweli, naye huiga. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu akimpiga na kumtukana mwanasesere wa kupuliza; walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi walifanya yaleyale, hata maneno yaleyale. Kumbuka tu kwamba aliyeigwa siku ile hakuwa kikaragosi cha gemu. Alikuwa mtu mzima, amesimama mbele yao.

Kwa mtoto wa umri huo usimwachie simu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Kwa wakubwa, hatari ninazoziona Dodoma hazikuja na gemu. Kudandia nyuma ya malori ya kokoto. Manati, yenye kutoboa macho. Kuvuka korongo mvua ikiwa imenyesha juu, mtoto anaona maji ya vifundoni na dakika tano baadaye ni ya kifuani. Kuinua tairi la mbele la bodaboda kwenye barabara mpya, bila kofia ngumu. Haya wanafundishana wenyewe, mkubwa kwa mdogo, na mengine wanatuona sisi tukiyafanya.

Vibanda vya gemu vya mtaani vifungwe?

Kabla hujajibu, ingia kimoja. Nimeingia vya Chang'ombe, Nkuhungu na Majengo, na karibu vyote vinafanana: mabati, pazia la shuka mlangoni, benchi, runinga mbili au tatu, padi za kuchezea ambazo mpira wake umeliwa na vidole, joto la kukausha koo. Mechi shilingi 200 au 300. Na kinachochezwa ni nini? Mpira. Watoto wamekaa wanabishana nani achukue Real Madrid. Gemu ya bunduki utaiona, lakini hailipi kama mpira, maana mpira unachezwa na wawili, wote wanalipa, na aliyefungwa anataka marudio.

Basi kibanda hakina ubaya? Kinao, tena mkubwa, ila hautoki kwenye runinga. Ubaya wake ni vijana wa miaka 25 wanaokaa benchi moja na mtoto wa miaka 9. Ni moshi wa bangi unaoingia kutoka uchochoroni. Ni kuwekeana hela, aliyefungwa alipe, na mtoto asiye na hela anaitafuta pochi ya mama. Ni sare ya shule inayoonekana humo saa nne asubuhi. Mzazi anayezipiga vita gemu za bunduki anapita hapohapo mlangoni bila kuyaona hayo.

Kwenye mtaa mmoja tuliposhinikiza kibanda kifungwe, watoto walihamia kingine ng'ambo ya reli, mbali zaidi, kwa mtu tusiyemjua. Tulijifunza. Kwingine tulikaa na mwenye kibanda pamoja na mwenyekiti wa mtaa na wazazi saba, tukaelewana naye: asiingize mtoto mwenye sare, wadogo watoke saa 12 jioni, asiruhusu kuwekeana hela, pazia libaki wazi. Namba za simu za wazazi watatu zimebandikwa ukutani. Kijana ameshika makubaliano, kwa sababu naye ana mtoto, na kwa sababu wazazi walioingia mle kuangalia walianza kumwamkia kama mfanyabiashara wa mtaa badala ya kumwona jambazi.

Na zile mashine za bonanza, za kutumbukiza sarafu?

Usizichanganye. Zile wengine huziita dubwi, na ni kamari. Kwa Kiswahili cha barabarani zote zinaitwa "gemu", ndiyo maana wazazi wanazipigia kelele kwa pamoja, lakini sheria imezitenga. Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ukiona mashine dukani na mtoto amepanga foleni na sarafu zake, hilo halihitaji kikao. Ni kosa. Ripoti serikali ya mtaa, polisi au bodi yenyewe.

Kama nguvu zetu za kupiga kelele ni chache, mimi ningezipeleka huku kwanza.

Ile namba kwenye kasha la gemu ina maana gani?

Ni umri, si ugumu wa gemu. Wazazi wengi hudhani 18 ni kiwango cha ustadi, wakamnunulia mtoto kwa sababu "anajua sana". Utaratibu wa Ulaya, ulioanza mwaka 2003, una namba 3, 7, 12, 16 na 18. Wa Marekani hutumia herufi, na M ni kuanzia miaka 17. Gemu za Grand Theft Auto, zile za kuiba magari ambazo watoto wetu wanazijua mitaa yake kuliko ya Kizota, kwa kawaida zimeandikwa 18, nami sioni sababu ya mtoto wa darasa la nne kuzicheza, hata kama hazitamfanya muuaji. Zina ukahaba, dawa za kulevya na mateso. Inatosha kwamba hazimfai.

Shida yetu ni kwamba gemu nyingi hapa hazina kasha. Zimenakiliwa kwenye flashi au zimejazwa dukani. Muulize muuzaji jina la kila gemu, ulitafute mtandaoni na neno "umri". Kwenye simu, duka la programu huonyesha umri palepale chini ya jina.

Changamoto za kujiua zinazosambaa WhatsApp ni za kweli?

Ile ya Momo, sura ya kutisha yenye macho makubwa iliyosambaa hadi mwaka 2019, ilikuwa uvumi. Sura yenyewe ni sanamu ya msanii wa Japani. Waliosambaza hofu zaidi walikuwa wazazi, na watoto wengi waliijua kupitia kwetu. Ukipokea onyo kama hilo, usilitume kwenye kundi la darasa. Lakini kama mwanao amezungumza habari ya kutaka kufa, kwa sababu yoyote ile, hilo si uvumi. Acha ulichokuwa unafanya, ukae naye, na umpeleke hospitali leo.

Mwanangu hali, halali, hasomi, ni gemu tu. Huo ni ugonjwa?

Unaweza kuwa. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa uraibu wa gemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu kwa pamoja: ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo yote mengine, na anaendelea ijapokuwa inamharibia maisha. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Wachezaji wengi hawamo humo. Tazama kwamba hata hapo ukatili haumo kwenye dalili.

Anza na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Simu ilale chumba chako, siyo chini ya mto wake. Nimeona watoto waliodhaniwa wana tabia mbaya, kumbe wana usingizi.

Serikali ikipiga marufuku, si tutapumua?

Nepal ilijaribu Aprili 2019, ikaifungia PUBG, gemu ya vita ya kwenye simu. Kabla mwezi huo haujaisha, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikalisimamisha katazo hilo. China ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021: aliye chini ya miaka 18 anacheza saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Wao wana mfumo wa vitambulisho unaofika hadi kwenye gemu yenyewe. Hapa kwetu mtoto anacheza kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la shangazi yake. Sitaki tusubiri katazo wakati mgongo wa mtoto uko hapa, chini ya shati.

Nimchape ili aache?

Usimchape. Najua ninachokisema, nimechapa.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa na mtu mzima au mwenza kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa ngumi, mateke, kuchapwa au kutishiwa silaha. Karibu robo tatu. Tafiti za miongo mingi, nchi mbalimbali, zinaonyesha kwamba mtoto anayepigwa huwa mgomvi zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Kama tunatafuta mahali ambapo watoto wa Tanzania wanajifunza kwamba mwenye nguvu humpiga mnyonge, hatuna haja ya kuwasha runinga.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, ingawa imeacha nafasi ya adhabu ya kumrekebisha, na shuleni viboko bado vinaruhusiwa kwa masharti. Kuruhusiwa hakukulazimishi.

Mwanangu ameshamjeruhi mtu. Niende wapi?

Kwanza aliyejeruhiwa atibiwe, na wewe ukawaone wazazi wake siku hiyohiyo. Usimtume mtu.

Kisha afisa ustawi wa jamii wa kata au wa jiji. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nalo ni la mtoto aliyeumiza pia, hasa ukihisi naye anaumizwa mahali. Simu ya Mtoto ni 116, bure, mitandao yote. Ukiona mabadiliko makubwa ya akili, haongei, anasikia sauti, anaumiza wanyama, Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Watu wanaogopa jina hilo kwa sababu ya utani wa mtaani. Wengi wanaopita pale wanarudi nyumbani wakiendelea na maisha yao, na mtoto aliyewahishwa ana nafasi nzuri zaidi.

Kisheria, mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Kati ya 10 na 12 ni mpaka ithibitishwe alikuwa na uwezo wa kujua kwamba anatenda kosa. Kesi za watoto husikilizwa kwenye mahakama ya watoto, si mbele ya umati. Mtu akikutisha kwamba mwanao wa miaka 8 atafungwa, na akakuomba hela ili jambo liishe, usitoe.

Hataki kuniambia anacheza nini. Nianzie wapi?

Kaa pembeni yake umwambie akufundishe. Usimhoji. Baba mmoja wa Ipagala, dereva wa lori, alinilalamikia mwaka mzima kuhusu mwanawe. Nikamwomba acheze naye mechi moja. Alikuja Jumatatu akaniambia alifungwa saba bila, na kwamba mtoto alimshika kidole gumba akakiweka kwenye kitufe sahihi, "Siyo hicho, baba, hiki." Akiwa anaangalia kioo, bila kugeuka, mtoto alimwambia kwamba kuna kaka wa sekondari anayewanyang'anya hela ya nauli pale kituo cha daladala, na kwamba ndiyo maana anabeba wembe kwenye begi.

Baba alikwenda kituoni kesho yake asubuhi, akasimama naye mpaka gari likaja.